Jinsi ya kubeba lanchi nyepesi kazini kama hamna friji

Nauza vitambaa Kariakoo. Duka letu dogo, juu mabati, feni moja ya ukutani, friji hakuna. Kwangu ni Kimara, natoka saa kumi na mbili kasoro asubuhi niwahi basi la mwendokasi, nashuka Gerezani, nafungua duka, afu lanchi naipata saa saba na nusu au saa nane hivi wateja wakipungua. Hesabu hapo, ni kama masaa nane chakula kimekaa kwenye begi, na mwezi wa kwanza na wa pili Dar joto linapita digrii 32 nje, ndani ya mabati ndo usiseme.

Ndo maana kwa miaka mingi nilikuwa nakula kinachouzwa nje tu, chips mayai leo, kesho wali maharage, keshokutwa chips mayai tena na soda juu yake. Sahani ya chips mayai ya kawaida haikosi kalori 800, mafuta yakizidi inagusa 1000, ukiteremshia na soda ya mililita 350 umeongeza kama 140 nyingine, na hapo mtu umekaa kwenye stuli kutwa nzima unasubiri wateja. Nilivyofika kilo 91 na presha ikaanza kupanda daktari akaniambia nianze na mlo wa mchana, maana ndo mlo pekee nilikuwa sijui umepikwaje na umetiwa mafuta kiasi gani.

Sasa ni mwaka na nusu nabeba changu, niko kilo 78. Naandika hii kwa ajili ya watu ambao kazini kwao ni kama kwangu: walinzi, wauza duka, mafundi, madereva, walimu wa shule ambazo umeme haujafika, watu wa saiti. Ushauri mwingi wa lanchi ya kupunguza uzito unaanza na saladi ya kuku na mtindi, weka kwenye friji ya ofisi. Sisi hiyo friji hatuna, na tunataka kupungua kama wengine.

Nianze na kosa langu kwanza maana ndo lilinifundisha. Wiki ya kwanza kabisa nilibeba maharage ya nazi, nimepika usiku, asubuhi nikayapasha kidogo nikafunga kwenye kontena yakiwa vuguvugu. Saa nane nafungua, juu kuna povu jembamba na harufu inavuta kama togwa. Nikajiambia ni nazi tu hiyo, nikala nusu kwa sababu njaa ilikuwa inauma na kutupa niliona hasara. Siku mbili nilikuwa chooni, duka nikafungiwa na mdogo wangu. Baadaye ndo nikaelewa kwamba vijidudu vinavyoharibu chakula vinazaliana kwa kasi kati ya digrii 5 na 60, chakula chenye maji na protini kisikae humo zaidi ya masaa mawili, na joto likipita 32 ni saa moja tu. Mimi nilikaa nacho masaa nane. Nazi, maziwa, nyama, samaki wa kupika, wali, vyote viko hapo. Na wali watu wanauonea huruma wanaona hauna kitu, kumbe kuna kijidudu mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, wali ukipoa taratibu kinaamka na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha tena haitoki. Kwahiyo kiporo cha wali kwenye begi, hapana kabisa.

Baada ya hapo nikakaa nikajiuliza, hivi sokoni hapa vitu gani vinakaa juu ya meza kutwa nzima, jua linawaka, na haviharibiki? Nikazunguka kwa macho tu. Dagaa, karanga, dengu, tende, mchele, hivyo ni vikavu. Machungwa, matango, nyanya, ndizi, maparachichi, hivyo vina ganda na havijapasuliwa. Makopo nayo ukiangalia vizuri ni ganda tu, ila la bati. Basi. Kisicho na maji kinakaa, na kilicho na maji kinakaa kama ganda lake halijafunguliwa. Kila siku nikitaka kujua kama kitu nakibeba au sikibebi najiuliza hilo swali, kikavu au kina ganda, kama jibu ni hakuna basi kinabaki nyumbani.

Sasa upande wa kalori, hapa ndo watu wengi wanakosea na mimi nilikosea. Vitu vikavu maji yametoka, kwahiyo kalori zimebanana kwenye kitu kidogo. Gramu 100 za karanga zina kama kalori 567. Gramu 100 za tango zina 15 tu, maana tango karibu lote ni maji. Yani kikavu unapima, chenye ganda unajazia tumbo. Ukigeuza hiyo, ukala karanga mpaka ushibe na tango ukaliweka kama pambo, utanenepa na chakula cha afya hivihivi unajiona.

Nikupe mfano wa karanga. Nilikuwa nabeba karanga za kukaanga kwenye kimfuko, nakula nikiwa nauza, naona ni kidogo tu. Siku moja nikampelekea mzee mmoja anauza viungo jirani yetu, ana mzani wa kupimia karafuu na iliki. Nikamwambia shikamoo mzee, naomba unipimie hii. Marahaba mwanangu, akamimina kwenye sahani ya mzani, gramu 110. Hizo ni zaidi ya kalori 600, mlo mzima na bado sijala! Tukachukua kikombe cha kahawa, kile kidogo cha wauza kahawa wa birika, tukajaza karanga tukasawazisha na kidole zisipande juu, gramu 35. Hapo ni kama kalori 200. Tangu siku ile kikombe cha kahawa ndo kipimo changu cha kila kitu kikavu, nilinunua kimoja nikakiweka ndani ya kopo la karanga huko huko, huchoti bila yeye. Ukinunua kipime kwanza kwa maji, changu kinaingia kama mililita 60.

Na karanga zenyewe chagua. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au ladha chungu tupa, usile kwa kuona huruma ya pesa, hiyo inaweza kuwa sumukuvu, yani sumu inayotokana na ukungu, na sumukuvu haiishi kwa kukaanga. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, chanzo mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, na Kenya mwaka 2004 walikufa zaidi ya watu 100. Kavu lazima liwe kavu kweli, si kavu la juu ndani unyevu.

Dagaa sasa. Hapa ndo nitakaa kidogo maana dagaa ndo lanchi yangu ya siku tatu kwa wiki, na watu wengi wanawaharibu kwa mafuta. Dagaa mkavu karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini, kalsiamu ipo nyingi kwa sababu unamla na miiba yake, na anakaa. Shida ni kwamba dagaa anakunywa mafuta kama sponji. Vijiko vikubwa viwili vya mafuta ni kalori 240, na dagaa wa kukaanga wa kwenye frampeni wanakunywa zaidi ya hapo. Mi nawafanya hivi. Jumapili nachambua dagaa wa Mwanza, natoa vichwa na matumbo na uchafu, naosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu nne mpaka mchanga uishe, hutasikia kero kama ya kutafuna mchanga mbele ya mteja. Nawachuja, nakamulia ndimu na chumvi kidogo na pilipili manga, nawaacha dakika kumi, afu nawaanika kwenye ungo juani mpaka wakauke tena kabisa. Halafu sufuria pana, moto mdogo, bila tone la mafuta, nawageuza kwa mwiko taratibu dakika 15 hadi 20. Usiondoke. Wanaanza kwa kutoa mvuke, mvuke ukiisha wanaanza kutoa sauti, wanagongana kama makokoto madogo, rangi inakuwa ya dhahabu. Chukua mmoja umvunje, akikatika kwa sauti wameiva, akipinda bado ana maji ndani.

Kinachofuata ndo wengi hawafanyi: waache wapoe kabisa kwenye sinia, saa nzima, kabla ya kufunga. Ukiwafunga wa moto mvuke unagonga mfuniko unarudi kuwa maji, na siku ya tatu unakuta ukungu. Nikishapoza naweka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko unaobana, nafika nao mpaka Ijumaa bila wasiwasi. Cha lanchi nachota kiganja kimoja, kama gramu 25, ni kalori 80 hivi. Kalori 80 zenye protini hiyo huwezi kupata kwenye biskuti yoyote. Kama presha inakusumbua kama mimi, chumvi weka kidogo sana, wengine wanakuja na chumvi yao tayari kwahiyo waonje kwanza.

Afu kachumbari. Kachumbari ni chakula cha kupunguza uzito tumepewa bure na mababu, ila ukiikata asubuhi umeiua. Nyanya ikikatwa inatoa maji, kitunguu kinalegea, na hapo ganda limeshafunguliwa kwahiyo masaa yanaanza kuhesabika. Beba nyanya nzima, tango zima, karoti, kitunguu kidogo, ndimu, hoho ukipenda. Vioshe nyumbani na maji uliyoyachemsha au kutibu, usitegemee bomba la sokoni, afu vifute na kitambaa safi vikauke ndo uviweke kwenye begi, kitu kilichoingia kimelowa kinaoza haraka na kinalowesha wenzake. Beba kisu kidogo chenye ala yake na kontena tupu. Saa nane unakata mwenyewe hapo, dakika tano, unakamulia ndimu, unamwagia dagaa juu wakiwa bado wanakatika mdomoni. Nyanya mbili, tango moja na karoti moja haizidi kalori 100 na ni kontena imejaa, unatafuna mpaka taya linachoka. Shibe kubwa inatoka hapo. Mafuta ya saladi hayahitajiki, ndimu na pilipili vinatosha, mayonezi iache kabisa kwa sababu mbili, ni mafuta matupu na chupa ikishafunguliwa inataka friji.

Parachichi ni ganda pia lakini lenyewe linaangukia upande wa kupima, gramu 100 ni kama kalori 160. Mimi na mama mmoja fundi cherehani wa mbele yetu tunagawana, yeye analeta Jumatatu mimi naleta Alhamisi, nusu kwa nusu, hamna kinachobaki kuharibika. Hilo la kugawana linasaidia sana kwa kitu chochote ambacho kikifunguliwa lazima kiishe, ikiwemo kopo la samaki.

Makopo: tuna au sadini, yale ya kuvuta kipete ili usihangaike na kifunguo. Ukipata ya kwenye maji au sosi ya nyanya ndo nzuri, kopo la tuna ya maji ukishamwaga maji ni kalori 130 hivi. Ikiwa ni ya mafuta mwaga mafuta yote, kandamiza na mfuniko wake mpaka yachuruzike, hapo umetoa kalori nyingi tu maana kila gramu ya mafuta ni kalori 9 wakati protini na wanga ni 4. Kopo likifunguliwa liishe muda huo huo. Lililovimba usifungue, lililopondeka kwenye maungio au lina kutu ya kutoboa usinunue hata wakikupunguzia bei, sumu ya huko ndani haina harufu na inaua.

Maharage ya kopo nayo yanafaa, yamwage maji uyaoshe kupunguza chumvi, changanya na ile kachumbari. Ni ghali ukilinganisha na ya kupima, mi naweka ya dharura chini ya kaunta.

Najua unataka kitu cha moto. Mimi pia mwezi wa saba asubuhi ikiwa na kibaridi nataka. Kuna njia moja bila friji na bila jiko, nayo ni kutokuruhusu chakula kushuka chini ya digrii 60. Tafuta chupa ya chakula, ile ya mdomo mpana inayotunza joto, ya nusu lita inatosha. Kabla hujaiamini ijaribu ukiwa nyumbani siku ya mapumziko, jaza maji yanayochemka, funga, ifungue baada ya masaa nane. Maji yakiwa bado yanaunguza, ukigusa unatoa kidole mwenyewe bila kuambiwa, chupa ni nzima. Kama unaweza kutuliza kidole humo basi hiyo ni ya kubebea maji baridi tu. Nyingi za bei poa zinafeli huu mtihani, nilijaribu mbili zikafeli ya tatu ndo ikakubali.

Ninachopika humo ni adesi. Asubuhi nikiamka nabandika maji, yakichemka najaza chupa, nafunga, nayaacha humo dakika kumi chupa ipate moto kwenye kuta zake. Wakati huo kwenye sufuria gramu 60 za adesi nyekundu, ambazo ni kama vikombe vya kahawa moja na kidogo, nimezichambua na kuziosha, naweka maji kama vikombe viwili vya chai, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, nyanya moja iliyokatwa, chumvi, zichemke kwa nguvu dakika tano. Namwaga maji ya chupa, namimina adesi zikiwa zinachemka vilevile, najaza mpaka karibu na mdomo maana ukiacha nafasi kubwa ya hewa inapoa haraka, nafunga na sifungui mpaka saa ya kula. Zinaendelea kuiva zenyewe ndani ya mwendokasi, zinaiva huku napanga vitambaa, mchana nafungua ni mchuzi mzito unafuka. Kalori kama 210 na protini gramu 14 hivi, na nazi sijaweka. Unakula kwa kupuliza. Siku ukifungua ukakuta ni vuguvugu, usile, hata kama inanukia vizuri.

Choroko nazo zinakubali, nyie wa Mombasa mnaita pojo, ila loweka usiku na chemsha dakika 15 kabla ya kumimina. Lakini maharage mekundu USIFANYE hivi. Maharage mabichi yana sumu yake ambayo inakufa yakichemka kwa nguvu, dakika kumi kwa uchache baada ya kulowekwa, na kuyapika kwa joto la chini kama la kwenye chupa hakuiui, utatapika vibaya. Maharage yapikwe yaive kabisa jikoni kwanza.

Wanga. Mtu anasema bila ugali sijala, naelewa, na sikwambii uache. Wali na ugali kula jioni nyumbani ukipima. Mchana mi natumia mkate wa brauni, slaisi mbili ni kalori 150 hivi, au nanunua mhindi wa kuchoma pale pale unatoka kwenye mkaa. Hiyo ni akili ya bure, cha moto kinachotoka jikoni mbele ya macho yako hakihitaji friji, kwahiyo beba vikavu na vya ganda, cha moto nunua kimoja tu. Mhindi mmoja, au kipande cha muhogo wa kuchoma usio wa kukaanga. Mwambie akupe pilipili na ndimu, chumvi kidogo. Ndizi mbivu moja ya kawaida ni kalori 100, inakuja na kifungashio chake, hiyo nayo ni wanga usiisahau kwenye hesabu. Ukiiweka chini ya begi itapondeka, weka juu.

Yai nimeulizwa sana. Yai bichi linakaa nje siku kadhaa vizuri tu kwa sababu ganda lina utando wa kulinda vitundu vyake, ukilichemsha ule utando unatoka, kwahiyo la kuchemsha linaharibika haraka kuliko bichi, watu wanadhani ni kinyume. Mi yai langu nalichemsha asubuhi nakula nikifika dukani kama kifungua kinywa, kalori 70 na kitu, ndani ya yale masaa mawili. Halifiki lanchi.

Na kuna vile vinavyokaa bila friji ila si vya kupungua. Kashata inakaa wiki, biskuti zinakaa mwaka, ubuyu, visheti, kripsi, vyote ni kavu na vyote ni sukari au mafuta. Tende ni nzuri kuliko hivyo, ila nazo ni sukari, mbili tatu zile ndogo kila moja ina kalori kama 20 basi funga mfuko. Dengu za kukaanga ndo mbadala wangu wa kripsi. Loweka usiku, chemsha ziive, zikaushe na kitambaa, afu zikaange kikavu kama dagaa mpaka ziwe kokoto, bizari na pilipili. Kikombe cha kahawa kimoja kwa siku. Na bisi za kupasua bila mafuta kwenye sufuria yenye mfuniko, hizo unaweza kula bakuli kubwa maana nyingi ni hewa.

Kinywaji ni maji au chai ya rangi ya tangawizi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kalori 16, mtu anayeweka vinne mara tatu kwa siku amekunywa karibu 200 bila kutafuna kitu, nilikuwa mimi huyo.

Hesabu ya siku za kawaida inakuwa hivi. Dagaa kiganja 80, mkate slaisi mbili 150, kachumbari kubwa 95, chungwa 60, jumla 385. Siku ya chupa, adesi 210, slaisi moja 75, karoti na tango 50, chungwa 60, jumla 395. Siku ya tuna, kopo 130, mhindi wa kuchoma kama 150, kachumbari 60, ndizi 100, inafika 440. Kwa kazi ya kukaa hiyo inatosha na njaa haikuumi mpaka saa kumi na moja. Ukiwa fundi ujenzi au kuli unayebeba mizigo ongeza, kikombe cha kahawa cha karanga na ndizi nyingine, usijiangushe juani kwa sababu ya dayati. Na kama unatumia dawa za sukari au una mimba ongea na daktari wako kwanza kabla ya kupunguza chakula, dawa za sukari na tumbo tupu havipatani.

Kwenye kuhifadhi, begi lisikae dirishani wala juu ya deki ya gari, liweke chini upande wenye kivuli mbali na mashine. Sisi Kariakoo adui ni panya na sisimizi kuliko hata joto. Panya anatoboa kontena la plastiki usiku mmoja tu, kwahiyo vya dharura vyote viko ndani ya debe dogo la bati lenye mfuniko. Kwa sisimizi, sahani yenye maji kidogo, katikati yake unaweka kopo, hawavuki. Kontena na kisu osha jioni nyumbani na sabuni, zile raba za kwenye mfuniko zitoe uzioshe pembeni, huko ndo harufu inajificha.

Kipindi cha masika dagaa hawakauki vizuri, jua linatoka saa moja linazima. Usiwalazimishe. Wakaushe ndani ya sufuria moja kwa moja kwa moto mdogo sana na mfuniko wazi, itachukua dakika 40 badala ya 20, na fanya kidogo cha siku mbili tatu tu badala ya wiki nzima, weka punje za mchele zilizokaangwa kavu kwenye kitambaa kidogo ufunge fundo, tupia ndani ya kopo, zinanyonya unyevu. Zikishalainika zikaange tena uzirudishe.